Sakafu Iliyohitaji Ukungu

Kila asubuhi, kabla mchezaji yeyote hajakanyaga sakafu, Batuli alivua viatu na kuitembea yote akiwa na soksi. Alianzia pembe ya mlangoni, akafuata ubao mmoja hadi mwisho, akageuka na kurudi na ubao wa pili. Nyayo zilimwambia mambo ambayo macho yake, yaliyokuwa yameanza kuhitaji miwani, yangeyapita: msumari uliochomoza, ubao uliolegea, mahali palipoteleza. Wachezaji walimsubiri pembeni wamejifunga mablanketi, wakipuliza vidole. Hakuna aliyesogea mpaka aseme, "Ingieni."

Hii ilikuwa Igowole, mwezi wa sita, ndani ya banda la mbao ambalo mwenye mali alikuwa amehamishia mashine zake Mafinga. Lilikuwa na paa, nguzo na ukuta wa upande mmoja. Kwenye pande nyingine ukungu uliingia na kutoka kama mwenye nyumba. Kuna asubuhi ulifika magotini, wachezaji wakaonekana hawana miguu, wanaelea, na kitu pekee kilichothibitisha kwamba wanagusa chini ni sauti ya mbao za paini zikipokea visigino. Ilikuwa sauti nzito, laini, isiyo na mwangwi. Kalinga, Mhehe wa Iringa mjini aliyeitunga dansi hiyo, aliisikiliza wiki nzima, kisha akaondoa spika na ngoma. Alisema muziki tayari upo, uko chini ya miguu.

Batuli mwenyewe hakucheza. Hata kwenye harusi za ndugu zake, Waswahili wafanyabiashara wa Mbeya, yeye ndiye aliyejua sahani ziko wapi na pilau itatosha au haitatosha. Kazi yake katika kikundi ilikuwa kila kitu ambacho si dansi: vibali, ukumbi, mikataba, bima, lori, chakula, siku za kupumzika, na mshahara wa mwezi ambao hauna onyesho. Watu wakiambiwa ni prodyuza, walimuuliza studio yake iko wapi na ametoa wimbo gani. Shangazi yake, Siwema, hakuuliza. Aliwaambia wageni kwamba Batuli anafuga watu wa ngoma. Alikusudia kumchoma, lakini Batuli aliona neno hilo ni sahihi kuliko mengi aliyowahi kuitwa. Anayefuga hulala akiwa anajua kesho watakula nini.

Sakafu ilitokana na goti la Ipyana. Huyu alikuwa binti wa Kinyakyusa aliyeanza kucheza na kikundi Iyunga, kwenye ukumbi wa kukodi kando ya barabara kuu, sakafu ya simenti. Hakuna aliyeruka juu zaidi yake, na kwa hiyo hakuna aliyeanguka kwa uzito zaidi. Daktari wa mifupa aliitazama picha ya goti, akasema simenti italimaliza, na kwamba anayeruka kila siku anahitaji mbao zilizoinuliwa, zinazobonyea kidogo. Mbeya hapakuwa na ukumbi wa namna hiyo, wala Iringa. Batuli akaamua itengenezwe sakafu ya vipande, inayofungwa kwa boliti, inayofunguliwa na kupakiwa kwenye lori.

Aliyeitengeneza ni Anord, fundi seremala wa hapohapo Igowole. Kila ubao aliuchonga ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, ulimi wa huu ukaingia kwenye mfereji wa jirani yake, zikakaa kama zimeota pamoja. Kabla ya kuunganisha, aliweka kiganja juu ya ubao, akasema umekauka. Batuli naye akaweka chake, akakubali. Igowole, ubao usiolowesha kiganja ni mkavu. Wote wawili walikuwa watu makini, na katika maisha yao hawakuwa wamepata sababu ya kudhani kuna ukavu mwingine.

Onyesho lilipangwa Jumamosi, Iringa mjini. Ruwaida angefika kulitazama. Mama huyo alichagua dansi kwa niaba ya mtandao wa kumbi za miji kadhaa ya Afrika Mashariki. Akiichukua hii, kikundi kingekuwa na kazi mwaka mzima. Asipoichukua, Batuli angeweza kuwabakiza wachezaji hadi mwisho wa mwezi, si zaidi. Aliwaambia hivyo, maana hakuamini katika kuwaficha watu hesabu ya maisha yao. Ipyana alikuwa na hesabu nyingine pia. Baba yake mdogo, mwenye duka la vipuri vya malori Iyunga, alitaka jibu Jumapili: aje asimamie duka, au amtafute mtu mwingine.

Lori liliondoka Igowole Jumatatu. Barabara ilipopanda na kuacha misitu, ukungu ulibaki nyuma ghafla, kama shuka lililovutwa, na mbele kukawa na anga la buluu lisilo na kitu.

Ukumbi wa Iringa ulikuwa ghala la zamani la mazao. Ronak Harilal, mjukuu wa mfanyabiashara aliyelijenga, alikuwa amelipaka rangi nyeupe, akaweka viti na taa. Alimpokea Batuli kwa chai ya tangawizi na kumwita Mama Rayyan, kwa jina la mwanawe, akaizunguka sakafu iliyokuwa ikifungwa huku akiipigapiga kwa kidole kama anachagua tikiti. Alisema inanukia Krismasi.

Upepo wa Iringa mwezi wa sita hauna maji. Hupita juu ya mawe, hushuka mtaani, huingia chini ya milango. Midomo ya wachezaji ilipasuka siku ya kwanza. Siku ya pili, katikati ya mazoezi, sakafu ilitoa sauti ambayo haikuwa ya mguu wa mtu. Tak. Wote wakasimama. Baada ya muda ikaja nyingine, kutoka pembe ya mbali ambako hapakuwa na mtu. Mchezaji mmoja alicheka, akasema sakafu nayo inanyoosha viungo. Kalinga alifunga macho kusikiliza. Sauti iliendelea kuja, moja moja, bila mpango, kama mtu anayezungumza usingizini, na Batuli akahisi, kinyume na desturi yake, kwamba yuko mahali anapoota na hawezi kuamka.

Jumatano asubuhi alivua viatu kama kawaida. Kwenye ubao wa nne kidole chake kidogo cha mguu kiliingia kwenye ufa.

Aliinama. Mbao zilikuwa zimeachana. Ndimi zilikuwa zimetoka kwenye mifereji, na baadhi ya mbao zilikuwa zimekunja kingo zake juu. Alitembea nyingine zote hadi mwisho, kwa sababu kukagua nusu si kukagua, kisha akatoka nje na kumpigia Anord.

Fundi alisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Huko kuna ukungu?"

"Hakuna."

"Basi imekauka, dada."

"Si ulisema ilikuwa kavu?"

"Ilikuwa kavu ya huku."

Batuli alipowaeleza wachezaji, kila mmoja alikuwa na dawa. Mmoja alitaka zulia la nailoni litandikwe juu. Batuli alisema nyufa zitakuwa palepale, tofauti ni kwamba hazitaonekana. Kalinga alitaka maji ya ndoo. Batuli alikuwa ameshamuuliza Anord hilo: ubao ukimwagiwa upande mmoja hujikunja kama kisahani. Unatakiwa ulowe polepole, pande zote, kwa hewa. Ipyana, aliyekuwa amekaa chini na goti amelinyoosha mbele, alisema hakuna haja ya haya yote. Sakafu iondolewe, yeye atacheza juu ya simenti.

"Mara moja tu, dada."

"Mara moja tu ndiyo iliyokupeleka kwa daktari."

Kalinga hakupaza sauti. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulikuwa mgumu kuujibu. Alisema mama wa watu yuko njiani, matangazo yamebandikwa mji mzima, na dansi hii ameibeba kichwani miaka mitatu. Kisha akasema lililomkaa rohoni. "Wewe kazi yako ni kutufikisha jukwaani. Tumefika."

"Kazi yangu ni mshuke mnatembea," alisema Batuli. "Fungueni boliti. Tunarudi."

Alichokuwa amekiona, alipokuwa amesimama nje na simu mkononi, kilikuwa rahisi. Sakafu haiwezi kuletwa kwa watu. Watu wanaweza kupelekwa kwenye sakafu. Mafinga si mbali, na Igowole iko mbele yake kidogo. Anayeondoka Iringa asubuhi anarudi jioni. Alikwenda kwa Ronak kabla ya yote, kwa sababu Ronak ndiye aliyekuwa na la kupoteza.

Ronak alisikitika kwanza kwa ajili ya Batuli, kisha kwa ajili yake mwenyewe. Watu wamelipia ukumbi wa Harilal, alisema, na yeye anawapeleka kwenye baridi, kwenye banda lisilo na ukuta? Batuli alimwambia mabasi yatakuwepo, chai moto itakuwepo, na asiyetaka safari atarudishiwa chake. Ronak alizunguka chumba. Mwishowe alitoa sharti moja, kwamba bango lake kubwa la kitambaa liende nao na litundikwe hukohuko. Ndiyo maana banda la mbao la Igowole, siku ya onyesho, lilikuwa na maandishi mekundu yaliyosomeka UKUMBI WA HARILAL, na wakulima waliokuwa wakipita walisimama kuuliza kama Mhindi amenunua.

Ruwaida, alipopigiwa, aliuliza maswali mawili tu. Je, ni mbali? Je, ataliwahi basi lake la Jumapili? Batuli alijibu yote mawili, na Ruwaida akasema sawa, kwa sauti isiyoonyesha kitu.

Walifika Igowole Jumatano jioni. Alhamisi asubuhi walipanga vipande vya sakafu bila kukaza boliti, ili mbao zipate nafasi ya kuvimba, wakaketi kuusubiri ukungu.

Haukuja.

Jua lilitoka mapema, likapanda bila wingu. Igowole nzima ilifurahi. Maharage yalianikwa, mablanketi yakaanikwa, wazee wakahamisha viti nje. Watu walimpa Batuli kamwene, salamu ya huko, na kumwambia ameleta baraka, maana jua la namna hii mwezi wa sita hulioni. Aliitikia kamwene, akarudi bandani. Wachezaji walikuwa wamelala juu ya magunia, nyuso zao zimeelekea upande wa mashariki, ambako ardhi inakatika na kushuka kwenye bonde la Kilombero, na ambako ukungu hutokea. Milima ilikuwa wazi mno, kila mti umesimama peke yake na kivuli chake. Kwa watu waliozoea kuishi ndani ya weupe, uwazi ule ulikuwa kama jambo lisilo la kweli. Ipyana alisema anahisi wamefika mahali pengine panapofanana na Igowole. Wengine wakaitikia polepole, kama wanaotoa ushahidi.

Ijumaa ilikuwa hivyohivyo hadi mchana. Batuli aliitumia kufanya yanayofanyika: alihakikisha mabasi, akakodi sufuria za chai, akapeleka taarifa ofisi ya kata, akakubaliana na mama mmoja kuhusu choo. Alikuwa amejiwekea pia uamuzi wa mwisho. Ikiwa Jumamosi asubuhi kidole bado kinaingia, hakuna onyesho, na atasimama mbele ya mabasi kulisema hilo yeye mwenyewe.

Saa tisa alasiri Kalinga alinyanyuka kutoka kwenye gunia. Alinyoosha kidole upande wa mashariki. Mbali, mwisho wa shamba la paini, safu ya mwisho ya miti haikuwepo. Walipotazama tena, safu iliyoifuata nayo haikuwepo. Ukungu ulikuja hivyo, ukifuta mstari baada ya mstari, bila sauti, ukafika barabarani, ukachukua duka, ukachukua wazee na viti vyao, ukaingia bandani na kukaa juu ya mbao. Wachezaji walibaki wameketi ndani yake, hawaonani, wakisikilizana wanavyopumua.

Alfajiri ya Jumamosi Batuli aliitembea sakafu. Kwenye kingo mbao zilikuwa zimekutana. Pembe ya kulia ilikuwa imefunga kabisa, na ya kushoto pia. Katikati, sehemu yenye ukubwa wa chumba cha kulala, ufa ulikuwa bado unapitisha ukucha, na upande wa nyuma mbao mbili zilikuwa hazijalala. Hakujidanganya, wala hakuwapa wachezaji nafasi ya kumdanganya. Alichukua chaki, akapiga mstari kuzunguka kila mahali pabovu, akamwita Kalinga.

"Ndani ya mistari hii hakuna mguu wa mtu."

Kalinga alitazama katikati ya jukwaa lake, mahali ambapo dansi nzima ilikuwa ikikusanyika. Akauliza kama hilo linajadilika. Halijadiliki, alisema Batuli. Basi, Kalinga akavua koti. Kwa saa zilizobaki aliwafundisha upya, wakizunguka pengo badala ya kulijaza, na Batuli, ambaye hakuwa na maoni kuhusu dansi wakati wa kazi, aliondoka kwenda kupokea mabasi.

Watu wa Iringa walishuka wamevaa makoti na vitenge juu ya makoti. Walilalamika kwa furaha. Ronak aliwapanga kwenye viti chini ya bango lake kana kwamba banda lilikuwa lake tangu babu. Watu wa Igowole walisimama kwenye pande zisizo na ukuta. Ruwaida, mwanamke mrefu mwenye hijabu ya kijivu, alikaa pembeni, mstari wa nyuma, na hakutoa kitabu wala simu.

Hapakuwa na ishara ya kuanza. Ilisikika hatua moja juu ya mbao, mahali pasipoonekana. Kisha nyingine, kutoka upande wa pili. Watu walinyamaza ili wasikie zinatoka wapi, na ukimya wao ukawa sehemu ya dansi. Bega la mtu lilionekana, likafutika. Wachezaji walipita wawili wawili, magoti yao yamezama, wakizunguka ile nafasi tupu katikati, ambayo ukungu uliijaza na kuifanya ionekane kama kuna mtu amesimama pale na wote wanamheshimu. Ipyana aliporuka, alitoka ndani ya weupe hadi kifuani, akakaa juu kwa muda ambao hauna maelezo ya kifizikia, akashuka. Paini ilimpokea. Mama mmoja wa Igowole alisema kwa sauti ya chini, kwa lugha yake, kitu ambacho jirani yake alikiitikia kwa kichwa. Ruwaida alikuwa amefunga macho.

Ilipokwisha, hakuna aliyejua kwamba imekwisha mpaka wachezaji walipokuja mbele, wanatembea, wote, Ipyana kwa miguu yake miwili.

Ruwaida alimkuta Batuli kwenye sufuria za chai. Aliuliza sakafu ina uzito gani, inafungwa na watu wangapi, kwa nini pana chaki. Batuli alimweleza yote, pamoja na Iringa. Ruwaida alishika kikombe kwa mikono miwili.

"Ni dansi nzuri kuliko zote nilizoona mwaka huu," alisema. "Siichukui. Kumbi zangu ziko Dodoma, Kisumu, Kampala. Siwezi kupakia ukungu kwenye lori."

Batuli alikuwa amelijua hilo tangu Jumatano, na kwa sababu alilijua, alikuwa amepata muda wa kufikiri. Aliuliza vikundi vingine anavyovichukua hufanya mazoezi wapi. Ruwaida alicheka kidogo. Kwenye simenti, alisema, wote, na kila mwaka anapoteza mtu. Ndipo Batuli akamweleza: banda amelikodi hadi mwakani. Sakafu hii ikikaa hapa haina ugonjwa. Nyumba za kulala zipo, chakula kipo. Vikundi vije kutengenezea dansi zao hapa, kwa wiki kadhaa kila kimoja, na wachezaji wake wawe wenyeji: wapokee, wafundishe, wacheze kwa wageni. Fedha za maandalizi mtandao ule unazo, alikuwa ameuliza.

Ruwaida alitazama bango la Harilal kwa muda. Akasema anaweza kuanza na vikundi vitatu, kuanzia mwezi wa nane, na zaidi ya hapo haahidi. Batuli alisema zaidi ya hapo hajaomba. Malipo ya vikundi vitatu yangewatosha wachezaji wote kwa mwaka.

Ipyana alimpigia baba yake mdogo hapohapo, hakungoja Jumapili. Alizungumza Kinyakyusa huku akizunguka nguzo, akirudia neno moja na kucheka. Alipokata simu alisema mzee ameuliza ni kazi gani hiyo, ya kuajiriwa na sakafu.

Kalinga alikuwa ameketi ukingoni mwa jukwaa, anafungua bendeji za vifundo vya miguu. Batuli alikaa karibu naye na kumweleza yote, kwa mpangilio uleule aliomweleza Ruwaida.

"Kwa hiyo dansi yangu haiendi popote," alisema Kalinga.

"Haiendi."

"Na wengine watakuja kutengeneza zao hapa, ziende."

"Ndiyo."

Aliikunja bendeji ya kwanza, kisha ya pili. Alisema angependa Batuli amuulize kabla. Batuli alisema angemuuliza, Kalinga angekataa, na Ipyana kesho angekuwa nyuma ya kaunta Iyunga. Hakusema kwa ukali. Ilikuwa hivyo tu. Kalinga alifikiri, akakubali kwamba angekataa, na kukubali huko hakukumpunguzia chochote.

"Ninapanda basi la Ronak," alisema. "Nikalale kwa mama. Jumatatu nitarudi, au nisirudi. Sijui, dada."

"Jumatatu wali maharage," alisema Batuli. "Nitapika na sehemu yako."

Kalinga alinyanyuka, akampa mkono, akaenda. Mabasi yaliwasha taa na kuondoka moja baada ya jingine, na baada ya mita chache hata mngurumo wake ulikuwa umefunikwa. Wachezaji walimuuliza Batuli kama Kalinga atarudi. Alisema hajui. Kisha akawataka wafungue madirisha ya nyumba ya wageni ili vyumba vipate hewa, kwa sababu mwezi wa nane haukuwa mbali, na akaanza kukusanya viti.